Maziwa ya Nyuki na Uzazi wa Madume

Juma hili tunasoma historia ya imani moja ambayo kila mtu hapa ameisikia: ya kwamba vitu vitokavyo mzingani humpa dume nguvu ya kuzaa. Wengine huisema juu ya binadamu. Sisi leo tutashika mifugo tu, yaani fahali, beberu, jogoo na sungura dume. Mambo ya binadamu tumwachie daktari.

Kwa nini tupoteze saa nzima kwa jambo hili? Fikiri habari za mfugaji mwenye ng'ombe jike watano na fahali mmoja. Ng'ombe wamepandwa, miezi imepita, hakuna mwenye mimba. Maana yake ni mwaka mzima bila ndama, na bila ndama hakuna maziwa, na kwa maziwa hayo ndiyo mtoto angelipiwa shule. Mtu aliye katika shida hiyo akionyeshwa kichupa na kuambiwa, "Hii ni dawa ya nyuki, mpe fahali wako," atauza mbuzi ili akinunue. Ni haki yake ajue dawa hiyo ilianza wapi, na nani ameijaribu.

Kwanza tupatane juu ya maneno. Asali na nta mnavijua. Chavua ni ule unga wa maua ambao nyuki huubeba miguuni. Gundi ya nyuki ni ule utomvu mweusi mweusi ambao nyuki huuokota katika miti na kuzibia nyufa za mzinga. Maziwa ya nyuki ni kitu kingine kabisa. Ni uji mweupe, mkali kidogo ulimini, utokao katika tezi za kichwani mwa nyuki wafanyakazi walio vijana. Kwa uji huo huwalisha majana wadogo, na kwa uji huo huo humlisha malkia. Yashikeni sana maziwa haya, kwa kuwa imani yetu ilipata nguvu kubwa hapo.

Sasa twende Misri. Karibu na mji wa Kairo, mahali paitwapo Abu Ghurab, Mfalme Niuserre alijenga hekalu la jua yapata miaka 4,400 iliyopita. Ndani yake ilichongwa picha ya watu wakishughulika na mizinga na kumimina asali katika vyombo. Ni moja ya picha za kale kuliko zote za ufugaji wa nyuki. Nyuki mwenyewe alikuwamo katika maandishi ya cheo cha mfalme, akiwa alama ya Misri ya Chini. Basi heshima ya asali ni ya kale sana, na watu wa pwani yetu wanaosoma Kurani wanajua kwamba imo sura iitwayo Nahl, yaani Nyuki. Lakini heshima ni jambo moja, na ujuzi ni jambo jingine. Watu walikula asali maelfu ya miaka bila kujua hata yule nyuki mkubwa wa mzinga ni mume au ni mke. Wayunani wengi wa kale walimwita mfalme. Mwaka wa 1609 Mwingereza mmoja, Charles Butler, aliandika kitabu akasema huyo ni malkia. Baadaye katika karne hiyo hiyo Mholanzi Jan Swammerdam alimpasua nyuki huyo chini ya kioo cha kukuzia, akayaona mayai tumboni. Ubishi ukaisha.

Aliyeeleza maisha ya malkia vizuri kuliko wote wa zamani alikuwa François Huber wa mji wa Geneva, na kitabu chake kilitoka mwaka wa 1792. Huber alikuwa kipofu. Mtumishi wake, François Burnens, ndiye aliyeifungua mizinga na kumweleza kila alichokiona, na Huber akauliza, akafikiri, akamtuma tena akatazame. Naitaja habari hii kwa makusudi, kwa kuwa wamo kati yenu wanaosema macho yao yamechoka, hawawezi tena elimu. Kwa njia hiyo Huber alitambua kwamba malkia hapandwi ndani ya mzinga. Huruka nje, akakutana na madume angani. Tena ndiye aliyeupa ule uji mweupe jina la chakula cha kifalme.

Huber alithibitisha pia jambo ambalo Mjerumani Schirach alikuwa amelionyesha kabla yake. Yai la malkia na yai la nyuki mfanyakazi ni yai moja. Jana wote hulishwa maziwa ya nyuki siku tatu za kwanza. Baada ya hapo atakayekuwa mfanyakazi huchanganyiwa asali na chavua, lakini atakayekuwa malkia huendelea kuogelea katika maziwa mpaka chumba chake kizibwe. Huyu hutoka baada ya siku 16, yule baada ya siku 21. Mfanyakazi wakati wa kazi nyingi huishi majuma machache tu. Malkia huishi miaka, na wakati wa maua huweza kutaga mayai 1,500 na zaidi kwa siku moja.

Bila shaka mmekwisha kuona watu walifikiri nini. Chakula hiki kimemfanya mdudu huyu azae kupita kiasi, basi nikimpa fahali wangu naye atazalisha kupita kiasi. Fikira hii inavutia, lakini ina ufa mkubwa. Chakula kile hubadili jana mchanga, wakati viungo vyake vinajengwa. Fahali amekwisha jengwa. Tena malkia ni jike, na sisi tunauliza juu ya dume.

Haya, na dume la nyuki mwenyewe je? Mwaka wa 1845 padri mmoja wa Silesia, jina lake Johann Dzierzon, alieleza kwamba nyuki dume hutokana na yai ambalo halikupata mbegu ya kiume. Ana mama, hana baba. Hutoka chumbani baada ya siku 24, na halelewi kwa chakula cha malkia mpaka mwisho. Hata hivyo akikomaa hubeba mbegu kama milioni 10, naye hufa papo hapo anapompanda malkia. Malkia huzihifadhi mbegu za madume katika kifuko kidogo tumboni, nazo hukaa hai humo miaka. Mimi naona ajabu kubwa ya mzinga kwa habari ya mbegu za kiume iko katika kifuko hicho, si katika kile kichupa cha dukani.

Tuwaache nyuki kidogo, tuzitazame mbegu zenyewe. Mwaka wa 1677 mfanyabiashara wa vitambaa huko Delft, Uholanzi, Antonie van Leeuwenhoek, alizitazama kwa kioo alichokisugua mwenyewe, akaona vijidudu vyenye mikia vikiogelea. Hiyo ndiyo mbegu ya kiume: kichwa, na mkia wa kuogelea. Mwaka wa 1780 padri Mwitalia, Lazzaro Spallanzani, alichukua mbegu za mbwa dume akazitia katika mbwa jike kwa bomba. Siku 62 baadaye jike akazaa watoto 3. Kazi tunayoiita leo uhimilishaji, yaani kumtia ng'ombe mimba kwa mrija bila fahali kumpanda, ilianza hivyo.

Mbegu inayoogelea hutaka nguvu, kama mpiga makasia anavyotaka chakula. Inakula nini? Mwaka wa 1946 mtaalamu Thaddeus Mann, aliyekuwa akifanya kazi Cambridge, Uingereza, alionyesha kwamba sukari iliyomo katika maji ya mbegu za kiume ni ile sukari ya matunda, fruktosi. Na sukari iliyo nyingi kuliko zote katika asali ni nini? Ni hiyo hiyo fruktosi.

Naona baadhi yenu mnatabasamu na kusema, "Wazee walijua!" Ngoja kwanza. Fruktosi iliyo katika maji ya fahali haitoki mdomoni kwake. Tezi zake huitengeneza zenyewe kutokana na sukari ya kawaida ya damu, na sukari hiyo mwili wake huipata hata kwa kula majani matupu. Tena ng'ombe, mbuzi na kondoo ni wanyama wa kucheua. Ukimlisha fahali asali, walaji wa kwanza ni vijidudu vilivyomo katika tumbo lake kubwa. Huichachua, wakaigeuza kuwa tindikali, na fahali hupata mabaki ya karamu. Maziwa ya nyuki nayo hayapiti salama, kwa kuwa vijidudu hao huivunja sehemu kubwa ya protini yake. Sungura hana tumbo la namna hiyo, wala kuku. Kumbukeni tofauti hii, maana wauzaji hawaitaji.

Kuna kisa kimoja cha sukari ya matunda ambacho nakipenda sana. Katika mwaka wa 1948 na 1949, huko Mill Hill, London, Christopher Polge na wenzake walitaka kuhifadhi mbegu za jogoo katika baridi kali bila kufa. Walijaribu kuzichanganya na maji ya sukari ya matunda. Hazikufaa. Wakaiweka dawa ile mahali pa baridi, wakashika kazi nyingine. Miezi ikapita. Walipojaribu tena kwa chupa iliyowekwa, mbegu zilizogandishwa kwa nyuzi 79 chini ya sufuri ziliyeyuka zikaanza kuogelea. Walitengeneza dawa mpya ya sukari, nayo ikakataa. Basi tone la mwisho la chupa ile ya ajabu likapelekwa kupimwa. Halikuwa na sukari hata chembe. Ilikuwa gliserini, maji, na ute kama wa yai. Vibandiko vya chupa vilikuwa vimebadilishana! Habari hiyo ilitangazwa mwaka wa 1949, na mwaka wa 1951 ikatangazwa kwamba ndama amepatikana kwa mbegu zilizogandishwa. Tangu hapo fahali aliyekufa zamani aweza kuendelea kuzaa. Katika mashindano yale gliserini ilishinda, sukari ya asali ikashindwa.

Mambo hayo yalifika kwetu Afrika Mashariki mapema kuliko watu wengi wanavyodhani. Huko Kenya uhimilishaji ulianza mwaka wa 1935, na kituo kikuu kikawekwa Kabete mwaka wa 1946. Na sababu yao ya kwanza ilikuwa nini? Ilikuwa kuzuia magonjwa ambayo fahali huyachukua kwa jike mmoja na kumpelekea mwingine anapopanda. Fahali mwenye magonjwa hayo mara nyingi hana dalili. Anakula, ananenepa, anapanda vizuri, lakini majike hawashiki mimba au hutupa mimba changa. Fahali wa namna hiyo ukimpa asali debe zima hutaona faida yo yote, na kila siku unayongoja dawa ya nyuki ifanye kazi anaambukiza jike mwingine. Katika habari zote za leo, hii naiona kuwa nzito kuliko zote. Ng'ombe wengi wasiposhika mimba, mwite kwanza bwana mifugo apime.

Haya, turudi kwenye maziwa ya nyuki. Katika miaka ya 1950 yalipata sifa kubwa Ulaya, hasa Ufaransa. Mwaka wa 1954 Papa Pio wa 12 aliugua sana, na ikaenea habari kwamba alipewa maziwa ya nyuki naye akapata nafuu. Vichupa vikauzwa kwa bei ya kutisha, kwa kurudisha ujana, kwa nguvu, kwa kila kitu. Bei ilikuwa na sababu yake. Chumba kimoja cha malkia hutoa kama robo ya gramu tu ya maziwa hayo, tena ni lazima kumwondoa jana aliyemo. Leo maziwa mengi ya nyuki hutoka China.

Lakini sifa haikuwa jaribio. Majaribio yaliyofanywa kwa utaratibu, kwa madume waliogawanywa makundi, wengine wakapewa na wengine wasipewe, yamekuja kwa wingi katika miaka ya karibuni. Na mengi yametoka wapi? Misri, nchi ile ile ya Mfalme Niuserre. Wamisri hufuga sungura wengi kwa nyama, na kiangazi chao ni kikali. Joto likizidi, sungura dume hupungukiwa na mbegu, na majike wengi hawashiki mimba.

Sababu ya joto tuieleze vizuri, maana inatuhusu sisi sote. Kwa nini Mungu aliyaning'iniza mapumbu ya fahali nje ya mwili? Kwa kuwa mbegu hutaka ubaridi, nyuzi chache chini ya joto la mwili. Jua kali bila kivuli huziharibu. Homa nayo huziharibu, hata ile ya ndigana, kwa kuwa homa ni jua la ndani. Tena joto huzidisha uharibifu mwingine. Ngozi ya mbegu ina mafuta, na mafuta hayo huweza kuharibika kwa oksijeni kama samli ya zamani inavyogeuka harufu. Mwaka wa 1943 John MacLeod wa Marekani alionyesha kwamba hewa ya oksijeni, ambayo sisi hatuishi bila hiyo, ikizidi huzifanya mbegu zishindwe kuogelea. Ndani ya chavua, gundi ya nyuki na maziwa ya nyuki zimo dawa za asili zinazozuia mafuta yasiharibike hivyo. Hapo, ndugu zangu, ndipo imani ya zamani ilipopata mguu wa kusimamia, ingawa si mguu ule iliodai.

Mwaka wa 2014 watafiti wa Misri walichapisha habari za sungura madume waliokaa katika joto la kiangazi. Waliopewa maziwa ya nyuki walikuwa na mbegu nyingi zaidi na zenye nguvu ya kuogelea kuliko wenzao wasiopewa kitu, na dalili za kuharibika kwa mafuta zilipungua. Majaribio mengine ya sungura kwa chavua na gundi yametoa majibu yanayofanana na hayo. Basi si uongo. Lakini tazameni vizuri kilichosemwa. Ni sungura. Ni sungura walioumizwa na joto. Dume aliyepungukiwa alisaidiwa kurudi karibu na hali yake. Kusema kwamba fahali mzima, aliye kivulini, mwenye maji na majani, atazidishiwa uwezo, ni neno jingine, na majaribio hayo hayakulisema. Na uzito nao ufikiriwe. Fahali wa kilo 400 ni sawa na sungura 100 wa kilo 4 kila mmoja. Ukitaka kumpa kwa kipimo cha sungura, utauza fahali ili umnunulie fahali dawa.

Wengine wamejaribu kutia asali katika chupa ya mbegu za fahali kabla ya kuzihifadhi. Kiasi kidogo sana kimeonekana kufaa katika baadhi ya majaribio. Ikizidi huua, kwa kuwa asali hunyonya maji ya mbegu kama chumvi inavyonyonya maji ya samaki. Kazi hiyo ni ya wataalamu wa maabara, msiijaribu nyumbani.

Jambo moja la hesabu litawasaidia kuwapima wauzaji. Mbegu ya fahali haitengenezwi kwa siku moja. Tangu ianze mpaka iive hupita siku 61, kisha siku kama 10 za kupita katika mirija. Sungura huchukua siku kama 50 hivi. Kwa hiyo mtu akikuambia, "Nilimpa dawa Jumatatu, Alhamisi akawa dume kweli," huenda ameona hamu ya kupanda. Mbegu za Alhamisi hiyo zilianza kutengenezwa miezi miwili nyuma. Kwa hesabu hiyo hiyo, fahali aliyepona homa leo msimchinje kesho kwa kuwa hakuzalisha. Mpeni kivuli, maji na chumvi, mngoje miezi miwili na nusu, ndipo mmhukumu.

Darasa lenye sungura na lenye mzinga laweza kujaribu lenyewe, kwa chavua, maana maziwa ya nyuki ni ghali. Chukueni madume wanane wa umri mmoja na afya moja. Pigeni kura, wanne wapewe chavua kidogo katika chakula kila siku, wanne wasipewe. Banda liwe moja, majani yawe yale yale, na anayehesabu watoto asiambiwe dume yupi amekula nini. Majuma manane ya kwanza msihesabu kitu. Kuanzia hapo kila dume apelekewe majike sawasawa, na katika daftari iandikwe tarehe ya kupandwa, jike aliyeshika na asiyeshika, na idadi ya watoto waliozaliwa hai. Safu ya kushoto iwe ya waliopewa, ya kulia iwe ya wasiopewa, na mwandishi atie jina lake chini ya kila ukurasa.